Hewa ya Chumba cha Lameki

Mtoto alikuwa amevalishwa kofia mbili, na bado masikio yake yalikuwa ya baridi.

"Mguse," Sekela alisema. "Usiogope. Mguse tu mguu."

Fausta, fundi wa matanuru, alivua glavu, akausogeza mkono chini ya blanketi. Mtoto alikuwa njiti, amekuja duniani kabla ya wakati wake, na unyayo wake haukufika urefu wa kidole gumba cha fundi. Ulikuwa wa baridi kama kiazi kilichofukuliwa shimoni.

"Nesi alisemaje?"

"Alisema nimlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto. La kwanza ninalifanya. La pili ndilo nimekuitia wewe."

Fausta akapiga magoti mbele ya tundu la hewa, lile lenye mapezi ya bati lililokuwa chini ya dirisha. Alichomoa uzi kwenye mtandio wake, akauning'iniza pale mbele. Uzi ulitikisika kidogo, ukatulia. Hewa ilikuwa inatoka, na ilikuwa ya vuguvugu, lakini ilitoka kama mtu anayepuliza chai huku akiwaza jambo jingine.

Huko chini, kwenye chumba cha tanuru, alikuwa ameshakagua kila kitu. Tanuru lilikuwa linawaka vizuri, limejaa vipande vya misonobari. Moshi ulipanda kwenye bomba lake na kutoka nje, haukuchanganyika na hewa ya ndani. Kati ya moto na hewa kulikuwa na ukuta wa chuma, na ukuta huo haukuwa na ufa. Feni kubwa ilizunguka bila kulalamika. Chujio alilitoa, akalipiga piga ukutani, akalirudisha. Hewa ya baridi iliyokuwa inavutwa kutoka nyumba zote nne za safu ile ilipita kwenye chujio, ikauzunguka ukuta wa chuma, ikapata joto, ikasukumwa tena kwenye mabomba ya bati yaliyolala chini ya sakafu. Hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo joto lilikuwa linakwenda mahali pengine. Lilikuwa haliji hapa tu.

"Tatizo liko nyumba ya kwanza," Fausta alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Kila mtu anajua, dada. Jioni ukipita nje, dirisha la Lameki linatoka jasho. Mzee Chaula hapo katikati analala na koti na mabuti, na ukimuuliza anakuambia ndiyo fasheni ya mjini."

"Mbona hamkumwambia Mama Lameki?"

Sekela alimwinua mtoto kidogo, akamrudisha kifuani, akafunga kanga juu yao wote wawili. "Utamwambia nini mfiwa? Kwamba marehemu wako anatumalizia joto?" Akaikaza kanga. "Wewe nenda kule chini, umsahaulishe huyo Mlezi. Ni kubonyeza tu, si ndiyo? Mama Lameki atafikiri mtambo umeharibika wenyewe. Na usimwambie kwamba nimesema mimi."

*

Fausta alikuwa darasa la nne jua lilipoanza kuchomoza nyuma ya utando wa jivu. Tangu mwaka ule, tambarare za Kitulo hazikuona tena kiangazi. Ngano ilikoma. Viazi vilibaki, kondoo walibaki, na watu wakatolewa kwenye nyumba zao zilizotawanyika wakapangwa kwenye safu, nyumba nne nne, kila safu na tanuru lake chini na Mlezi wake.

Mlezi alikuwa kisanduku kilichofungwa ukutani karibu na feni. Aliionja hewa iliyorudi kutoka kila chumba, na kwa pumzi zilizokuwemo alijua kuna watu wangapi. Kwenye kila tundu alikuwa na jicho dogo lililoona miili jinsi paka anavyoona giza. Akishaona usiku kadhaa mfululizo kwamba fulani analala hapa, fulani anaamka saa hizi, alishika mazoea hayo. Akafungua vilango vya mabomba kwa huyu, akafunga kwa yule, akageuza mapezi hewa imfuate mtu alipo. Waliomtengeneza waliishi mbali, kwenye nchi zilizozoea baridi tangu enzi, na walimpa tabia moja ya huruma: alikuwa mwepesi wa kuongeza na mzito wa kupunguza. Mtu akisafiri au akilazwa hospitali, akute chumba chake bado kina joto. Walisema ni afadhali kupoteza joto kuliko kupoteza mtu.

Fausta alipofundishwa hayo chuoni alidhani ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kusikia kuhusu mashine. Bado alidhani hivyo. Ndiyo maana alipita kwenye mlango wa chumba cha tanuru, akasimama, akatazama kisanduku, na hakubonyeza. Akapanda ngazi kwenda nyumba ya kwanza.

"Kamwene, Mama Lameki. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Ingia, mlango unaingiza ukungu."

Mama Lameki alikuwa amekonda tangu msiba. Alimkalisha jikoni, akamwekea chai na viazi vya kuchemsha, akakaa mbele yake bila kula. Jua, lile la rangi ya majivu, lilikuwa linashuka. Fausta alikuwa ameshaandaa maneno yake, akayaanza, na mama akainua mkono.

"Subiri. Sikiliza kwanza. Anakuja."

Tak.

Ilitoka chini ya jiko. Kimya kidogo. Tak, karibu na mlango. Tak. Tak. Zilipita kwenye ujia, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa kijana asiye na haraka, anayerudi nyumbani akiwa amechoka. Zilifika mbele ya mlango wa chumba cha Lameki, zikakoma. Kisha mlango ule uliofungwa ukatikisika kidogo kwenye fremu yake, na chini yake ikatoka pumzi ndefu iliyopeperusha vumbi la sakafu.

"Kila jioni," Mama Lameki alisema. "Tangu walipoondoka watu. Mwanzo niliogopa. Sasa ninamsalimia."

Fausta alijua. Bati likipata joto hutanuka, na kila kiungo cha bomba hulia kwa zamu yake, kuanzia kile kilicho karibu na moto. Na chumba kilichofungwa, kikisukumiwa hewa nyingi kuliko inayoweza kurudi, huvimba. Hewa husukuma mlango, hupenya chini. Yote hayo aliyajua, angeweza kuyachora. Nywele za shingoni zilimsimama vilevile.

"Unajua alikufaje," mama alisema.

"Ninajua, mama."

"Alifuata kondoo juu, ukungu ukamzungukia. Walimkuta ameegemea jiwe, amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Ndani ya koti lake kulikuwa na mwanakondoo. Mwanakondoo alikuwa hai." Alizungusha kikombe chake juu ya meza. "Mwanangu alikufa kwa baridi, Fausta. Sasa nyumba yenyewe inampa joto. Mimi sikumwomba mtu, nyumba imeamua yenyewe. Kwa hiyo kama umekuja kwa ajili ya hilo, kunywa chai yako, tuzungumze mengine."

Fausta alikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, na ilimpa muda.

"Naomba niingie chumbani," alisema mwishowe. "Sitagusa chochote. Nataka kuona tu."

*

Ilikuwa kama kuingia ndani ya kitu kilicho hai. Pazia lilivimba taratibu, likashuka, likavimba tena. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, blanketi la bluu limekunjwa kwa chini, na juu ya mto kulikuwa na filimbi ya kuchungia, ile ya plastiki.

Alitoa kipimo chake, akakiweka karibu na tundu la kurudishia hewa ili aone Mlezi anakiombea chumba hiki joto la watu wangapi. Alitegemea kuona joto la mtu mmoja. Aliangalia, akakifuta kioo cha kipimo kwa kiganja, akaangalia tena. Chumba kilikuwa kinaomba joto la umati. Hakuna kijana mmoja, aliye hai au aliyekufa, anayehitaji joto kiasi kile.

Akaweka kiganja kitandani. Blanketi lilikuwa la baridi.

Aliusogeza mkono kwenye mto, kwenye mchago, akaupenyeza mpaka kwenye godoro. Baridi, kote. Mama alikuwa amekiacha kitanda hiki kama kilivyo, hakutaka kukivuruga, hakuwa amekigusa. Fausta akaliendea tundu la hewa ya joto, akainama. Mapezi yote yalikuwa yametazama chini. Hayakuelekea kitandani hata moja. Yalikuwa yamefunguka kama vidole vya mkono, kila kimoja kikionyesha mahali pake sakafuni.

Akavua viatu. Akatembea kwa soksi taratibu, na sakafu ikamwambia. Hapa joto. Hapa baridi. Hapa joto tena, mstari mrefu kiasi cha mtu. Baridi nyembamba. Joto. Mistari ilipangana kutoka ukutani hadi ukutani, kama viazi kwenye matuta, na kila mstari uliishia mahali ambapo miguu ya mtu ingeishia.

Hakukuwa na kitanda hapa wakati wa msiba. Wanaume walikitoa nje siku ya kwanza, godoro likaegemezwa ukutani, viti vikapelekwa kwa Mzee Chaula, na mikeka ikatandikwa mpaka haikubaki nafasi ya kupitisha mguu. Wanawake wa safu zote walilala hapa, kila usiku wa matanga, wakimzunguka mama ili asiamke peke yake. Waliotengeneza Mlezi hawakuwahi kuwaza nyumba ya namna hiyo. Kwao chumba cha mtu mmoja ni cha mtu mmoja. Mlezi aliona miili imejaa sakafuni usiku baada ya usiku, akashika, kwa upesi wake wote wa kuongeza. Halafu matanga yakaanuliwa, kitanda kikarudishwa na kutandikwa, watu wakakunja mikeka na kurudi kwao. Na yeye, kwa uzito wake wa kupunguza, aliendelea kuwafunika.

Mstari wa mwisho ulikuwa kando ya mlango, mfupi, umekatishwa na kona ya kabati. Fausta aliutazama kwa muda. Yeye ndiye aliyefika wa mwisho kwenye msiba ule, ametoka kazini, na nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo. Alilala amejikunja, kichwa kwenye mfuko wa vifaa.

Akajilaza. Bega lilikaa. Magoti yalikaa. Joto lilikuwa limemsubiri pale, kwa umbo lake, muda wote huu, na yeye alikuwa kwake akilala na soksi mbili.

Mlango ulifunguka.

"Unafanya nini hapo chini?" Mama Lameki aliuliza.

*

Fausta alimweleza akiwa bado amekaa sakafuni. Alieleza bati, alieleza mlango, alieleza mapezi. Alisikia sauti yake mwenyewe na kuichukia. Kila sentensi ilikuwa kama kumvua mtu shuka.

Mama Lameki hakulia. Alikwenda kitandani, akaweka mkono juu ya blanketi la bluu, akauacha pale kwa muda mrefu. Kisha akaanza kutembea juu ya sakafu, peku, kama alivyofanya Fausta.

"Kwa hiyo kila jioni nimekuwa nikikusalimia wewe," alisema.

"Mimi na wengine, mama."

"Hapa alilala Shangazi Enea."

"Ndiyo. Alikoroma mpaka mtu mmoja akatoka nje akidhani ni trekta."

Kitu kilimpita usoni Mama Lameki, kikakaribia kuwa tabasamu. "Hapa mke wa mchungaji. Alidai hapati usingizi, na ndiye alikuwa wa kwanza kulala." Hatua nyingine. "Hapa mimi." Alisimama pale kidogo. Halafu akafika ukutani, kwenye mstari uliokuwa mpana kuliko mingine. "Na hapa Sekela. Na tumbo lake. Nilimwambia asilale chini, akakataa."

Sekela alikuwa amemwomba asiseme. Watu wote wa safu walikuwa wamekubaliana bila kukaa kikao kwamba mfiwa asisumbuliwe, na ilikuwa heshima ya kweli, iliyotoka moyoni. Lakini heshima hiyo ilikuwa imemfungia mama huyu humu ndani pamoja na hewa.

"Sekela amejifungua," alisema. "Mtoto ni njiti. Nyumba yao iko mwisho wa bomba, na hewa inayofika kule haitoshi kutikisa uzi. Nimeugusa mguu wake leo. Aliniomba nisikuambie."

Mama Lameki aligeuka.

"Amejifungua, na mimi sijapeleka hata uji?"

"Labda walikuambia."

"Labda waliniambia." Alijishika kiuno, akatazama pazia linalopumua. "Huyo mtoto alilala humu. Tumboni, lakini alilala humu. Mahali pake pana joto hapa, na yeye yuko kule anaganda."

Alichukua kanga yake nzito mlangoni na kutoka, na Fausta alisikia mlango wa Sekela ukigongwa, kisha sauti za wanawake wawili, moja ikikataa, moja ikiamuru. Waliporudi, Mama Lameki alikuwa amembeba mtoto ndani ya sweta lake, na Sekela alikuwa nyuma na mkeka kwapani, macho chini kama aliyefumaniwa.

"Tandika palepale," Mama Lameki alimwambia. "Na wewe fundi, nawe kalale pako. Usituharibie hesabu."

*

Kilichomwamsha Fausta kilikuwa kidogo sana. Kijimlio, kama ulimi unaopigwa kwenye meno.

Kulikuwa kunapambazuka. Sekela alikuwa amelala, mtoto kifuani, mashavu ya mtoto yana rangi. Mkeka wa Mama Lameki ulikuwa mtupu. Kutoka jikoni alisikika akichochea moto, kama alivyofanya kila alfajiri tangu Fausta amfahamu.

Mapezi ya tundu yalikuwa yanageuka. Yaliiacha mistari ya sakafuni, yote kwa pamoja, yakaelekea mahali pamoja padogo chini ya dirisha, pasipokuwa na mkeka. Wakati wa msiba hakuna aliyelala pale, godoro ndilo lilikuwa limeegemezwa. Fausta alijivuta mpaka pale, akaweka kiganja. Hewa ilikuja kwa nguvu, ya moto kuliko ya usiku, imebanwa kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa sinia.

Mahali pa kuweka miguu miwili.

Chini ya usiku wa matanga, katika kumbukumbu ya Mlezi, kulikuwa na kitu cha zamani zaidi. Alikuwa amebadilisha usiku tu, kitanda kilipotolewa; alfajiri hakuifuta. Kila alfajiri, miaka kadhaa, mtu mmoja alikuwa ameketi hapa kabla ya kwenda kwenye kondoo. Na kila alfajiri mama yake alikuwa jikoni, anachochea moto, haoni.

Fausta alibaki amepiga magoti. Angeweza kunyamaza. Jana alikuwa amemnyang'anya mwanamke huyu mtoto wake wa jioni, na hakuwa na cha kumpa badala yake. Sasa alikuwa nacho, na ilimlazimu kukichukua papo hapo. Akinyamaza, mama angekubali Mlezi asahaulishwe, kwa moyo mwepesi, akijua anafuta usingizi wa majirani tu. Akisema, angemfanya achague. Ni wema gani huo, kumwonyesha mtu mwanawe na kumwambia umzime? Lakini alikumbuka mlango wa chumba cha tanuru, na jinsi alivyoshindwa kubonyeza kwa siri. Kama haikuwa haki kumnyang'anya mtu uongo bila kumwambia, je, ukweli?

Na hewa ile haikuwa ya kudumu. Angeendelea kuwaza, ingekatika.

"Mama Lameki," aliita, taratibu asimwamshe mtoto. "Njoo. Vua viatu."

Mama alikuja na mwiko mkononi. Fausta alimwonyesha. Hakueleza kitu. Mama Lameki alikaa sakafuni, polepole kwa ajili ya magoti yake, akasogeza miguu yake mikavu chini ya dirisha, na akakaa hivyo.

Alikaa.

"Soksi," alisema. "Alikuwa anavalia soksi zake hapa. Nilikuwa ninampigia kelele kutoka jikoni, Lameki unafanya nini huko, kondoo watashinda njaa. Anasema nakuja mama. Haji." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kumbe alikuwa anaota joto."

Hewa iliendelea kidogo tu zaidi. Kisha kijimlio kile tena, na mapezi yakageuka, moja moja, yakarudi kwenye mikeka. Mama Lameki hakuondoa miguu.

"Ukimsahaulisha, na hii inaondoka?"

"Inaondoka, mama. Hana njia ya kusahau nusu."

"Na hicho kitundu tukikiziba? Tukaweka gunia?"

"Akiona chumba kinapoa atasukuma zaidi. Feni itajitahidi mpaka tanuru lizidi moto na kujizima. Halafu safu nzima inalala bila kitu."

"Na Sekela akihamia hapa?"

"Mtoto atapona. Mzee Chaula ataendelea na fasheni yake. Na wale wa nyumba ya tatu."

Mama Lameki alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na mtu mwingine, si Fausta. "Mwenyewe angesahau lini, akiachwa?"

"Baridi hii ikiisha. Kama mwaka huu itaisha."

"Basi kesho. Nipe alfajiri moja tu."

Fausta alifungua kinywa kusema ndiyo. Alitaka kusema ndiyo. Sekela alikuwa ameamka, anasikiliza. Alimfunika tu mtoto mguu uliokuwa umetoka nje ya kanga. Mama Lameki aliuona mguu ule.

"Hapana," alisema. "Nikisema kesho, kesho nitasema kesho. Ninajijua." Akamnyooshea Fausta mkono ainuliwe. "Yule mwanakondoo alikuwa hai. Watu waliponiambia hivyo niliwachukia. Nilisema wananiletea habari za kondoo. Haya. Nipeleke huko chini. Nitabonyeza mimi."

*

Kwenye chumba cha tanuru Fausta alimwonyesha kitufe, chini ya kifuniko cha bati, na kumwambia akishikilie mpaka taa izimike. Mama Lameki alikifuta kwanza kwa pindo la kanga. Kisha akabonyeza, akashikilia, akiwa ameinamisha kichwa karibu na kisanduku kama mtu anayemnong'oneza mtoto aliyelala. Kama alisema kitu, Fausta hakusikia. Feni ilikuwa bado inanguruma.

Taa ilizimika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Kimya kilichofuata hakuna mtu wa safu ile aliyekuwa amekisikia tangu baridi ianze. Juu ya vichwa vyao Mzee Chaula alikohoa, wakamsikia kama yuko nao. Halafu feni ikaanza tena, polepole, na vilango vyote vya mabomba vikafunguka sawasawa. Mlezi alikuwa anaanza upya, anaonja kila chumba, hajui mtu.

Siku nzima Mama Lameki hakukaa. Alikiacha wazi chumba cha Lameki. Alifua blanketi la bluu, akaitundika filimbi kwenye msumari jikoni, akapika uji wa ulezi kwenye sufuria kubwa la msiba. Sekela alikuwa amerudi kwake na mtoto. Fausta alibaki, akijisemea kwamba ni kazi, kwamba fundi lazima aone usiku wa kwanza unavyoanza.

Jua liliposhuka walikuwa wamekaa jikoni wawili, sufuria kati yao.

Tak.

Chini ya jiko. Tak, mlangoni. Mama Lameki aliinua uso. Hatua zilipita kwenye ujia kwa mwendo uleule wa kijana asiye na haraka. Fausta alimwona mama akizihesabu kwa midomo. Zilifika kwenye mlango wa chumba.

Hazikusimama.

Tak, mbele ya mlango. Tak, zaidi yake. Zilikwenda mpaka mwisho wa ujia, zikapita chini ya ukuta, zikaingia kwa Mzee Chaula, hafifu sasa. Muda mfupi baadaye kikasikika kishindo cha buti moja likivuliwa na kutupwa, kisha la pili. Hatua zikaendelea, nyembamba kama sindano, mpaka sikio likashindwa kuzifuata.

Mama Lameki alikuwa ameshasimama, kiganja chake ukutani pale zilipopitia.

"Amepita," alisema.

Fausta alitafuta jibu la fundi, na alikuwa nalo, na akaliacha.

Mama alifunika sufuria kwa kitambaa, akalibeba kwa mikono miwili, wakatoka nje kwenye ukungu. Walipita madirisha ya Mzee Chaula. Walipita nyumba ya tatu. Mlango wa Sekela ulikuwa umerudishwa tu, na ndani uzi ambao Fausta alikuwa ameuacha kwenye tundu la hewa ulikuwa umelala mlalo, unatetema.

Sekela alikuwa kitandani, mtoto kifuani, kofia moja tu kichwani mwa mtoto. Aliwaangalia wote wawili. Halafu akafungua blanketi kwa chini.

"Mguse, mama," alisema.

Mama Lameki aliweka sufuria chini. Alisugua viganja vyake kwanza, visiwe vya baridi, akautwaa mguu ule mdogo, akaufunika wote kwa vidole viwili. Alikaa nao hivyo, akisikiliza sakafu, mpaka uji ukaanza kupoa na Sekela akalazimika kumkumbusha.